Wimbo wa Tatu, Upande wa Kwanza

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, simu ya mtu wa kumi na nne kwenye foleni ilianza kuimba.

Foleni ilikuwa ya vitambulisho. Ofisi ilikuwa na madirisha sita, mawili tu yakiwa na watu nyuma yake. Wimbo ulikuwa wa dansi, wa zamani, wenye magitaa yanayosemezana na waimbaji wawili wasio na haraka ya kufika popote. Mwenye simu alisimama wima, hedifoni masikioni, akitikisa kichwa taratibu kwa imani kwamba burudani ile ni yake peke yake. Waya wa hedifoni ulikuwa umechomoka na ulining'inia usawa wa goti.

Mtu wa kumi na tano alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, shati jeupe, sketi ndefu ya kijani, saa kubwa ya kiume mkononi. Alimvumilia kwa muda, kisha akamgusa bega kwa ncha ya kidole.

"Kaka, unatuburudisha sote."

Aligeuka. "Samahani?"

"Waya."

Alitazama chini, akauona. Uso ulimshuka kidogo, kisha ukapanda. "Kwa muda gani?"

"Dakika nne na nusu. Nimepima."

"Basi bado hamjasikia kitu. Gitaa la pili linaingia dakika ya tano."

"Mwache amalizie," alisema mzee mmoja huko nyuma. "Sisi tumeshazoea."

Watu wakacheka. Yeye hakuzima, alipunguza sauti tu, akaishika simu katikati yao wawili kama mtu anayegawana mwavuli. Gitaa la pili liliingia. Mwanamke alikiri moyoni kwamba limeingia vizuri, lakini mdomoni hakusema.

"Una umri gani?" aliuliza.

"Mimi au wimbo?"

"Wimbo."

"Umenizidi miaka sita."

"Na unausikiliza kwa kupenda?"

"Kwani kuna njia nyingine?"

Swali hilo lilimgusa mahali, maana njia nyingine ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa mpangaji wa muziki kwenye kituo cha redio. Kila Jumatatu zilimfikia nyimbo mpya sitini, na kila moja aliipa dakika moja na nusu, kisha akaandika ndiyo au hapana. Alimweleza hivyo, bila majivuno, kama mtu anayetaja saa za kazi.

"Kwa hiyo wimbo unapewa dakika moja na nusu ya kujitetea."

"Ukiwa na la kusema, utalisema."

"Dada, mimi hata mtu simhukumu kwa dakika moja na nusu."

"Unampa ngapi?"

Aliitazama foleni mbele yake, akahesabu vichwa. "Leo, kama saa mbili na nusu."

Ukawa muda wa saa mbili na dakika arobaini. Walitoka na risiti mbili za vitambulisho na namba mbili za simu. Mwanamke alikuwa amegundua pia kwamba suruali ya mwanamume huyo imepigwa pasi ikashika mstari, na kwamba kwenye kucha zake kuna unga mweupe usiotoka.

Unga ulikuwa plasta. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno: meza ndefu ya zege, sinki, jiko dogo la gesi, rafu zenye taya za plasta zilizopangwa kwa majina ya wenyewe, na redio kaseti nyeusi juu ya kabati. Kanda zilikuwa kumi na moja. Alizirithi kwa fundi aliyeanza kumfundisha kazi alipokuwa na miaka kumi na tisa, pamoja na mizani na visu viwili. Nyimbo za kwenye simu yake alizirekodi kutoka kwenye kanda hizohizo, na mkwaruzo wake.

Walipendana kwa simu kwanza. Fundi alimpigia mchana, saa ya chakula, naye alipokea akitafuna.

"Redio, umeamkaje?"

"Nimeamka zamani, Fundi. Sasa hivi ni saa saba."

"Nakuuliza ulivyoamka, sikuulizi saa. Leo umeua nyimbo ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Na kuna mtu anakupikia, na mikono hiyo yenye damu?"

"Ninajipikia."

"Basi Jumapili nipikie na mimi. Nitakuja na meno yangu mwenyewe."

Alikuja, na akaja tena. Alikuwa mtu wa kuosha vyombo bila kuombwa na kukunja taulo kwa pande nne. Kufikia mwezi wa tatu mwanamke alikuwa akiyajua mambo mengi kumhusu, na yote yalikuwa mazuri isipokuwa moja, ambalo hakuweza kulimeza. Mtu huyu hakusikiliza kitu kingine chochote. Asubuhi ni kanda zile, jioni ni kanda zile. Akipewa wimbo mpya alitabasamu, akasema, "Mzuri," kwa sauti ileile ambayo mgeni husifia pazia.

"Kimuziki una miaka kumi na tisa," alimwambia siku moja kwenye simu. "Uligoma hapo."

"Na wewe?"

"Mimi nina wiki moja. Kila Jumatatu nazaliwa upya."

"Pole, mama. Utachoka kukatwa kitovu."

Alicheka, lakini simu ilipokatika hakuwa na kicheko. Alikuwa na nadharia, na aliiamini kama anavyoamini saa yake: sikio la mtu ni mlango wake. Aliyelifunga akiwa na miaka kumi na tisa amefunga na mengine, hata kama mwenyewe hajui. Mtu asiyeruhusu wimbo mpya uingie, atamruhusuje mtu mpya akae? Alikuwa amefika mahali pa kutaka kukaa. Ndiyo maana jambo hilo dogo halikuwa dogo.

Akaamua kulijaribu. Kwa wiki tatu alichambua nyimbo alizowahi kuzipa ndiyo, akachagua thelathini na nane, akazitia kwenye flashi.

"Sikuombi uzipende," alisema akimkabidhi. "Zipe nafasi tu."

Aliiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaufunga kwa kifungo. "Nitazisikiliza zote, laazizi. Mpaka ya mwisho."

Wiki hiyohiyo fundi alikuwa na kazi ya shangazi. Shangazi huyu ndiye aliyemlea mwanamke tangu darasa la pili. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mfupi, mkali wa macho, na meno yake ya juu yalikuwa yameisha. Alipofika kwa fundi kupimwa, alimwuliza maswali kumi na mawili na akaridhika na majibu kumi na moja. Meno yalikabidhiwa Jumatano. Alhamisi asubuhi shangazi alipiga simu kazini kwa mwanamke, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Haya meno yako juu."

"Shikamoo, Shangazi. Juu kivipi?"

"Marahaba. Juu. Midomo haikutani. Na kila nikisema 'sasa' nasikia filimbi. Sikiliza. Sasa. Sasa. Umesikia?"

Alikuwa ameisikia.

Ijumaa saa kumi jioni alikwenda karakana. Kabla ya kusukuma mlango alisikia magitaa yale. Fundi alikuwa ameinama juu ya meza na koti lake jeupe. Meno ya shangazi yalikuwa mbele yake, yamekatwa vipande viwili. Kwenye droo iliyo wazi, kati ya vipande vya nta, kulikuwa na flashi.

"Umezisikiliza?"

"Zote."

"Na?"

Alinawa mikono, akaifuta kidole kimoja baada ya kingine. "Hazinifai, laazizi. Si hapa."

"Siku tatu tu."

"Zilitosha."

"Na meno ya Shangazi?"

"Kosa ni langu. Mkono ulichelewa. Nitayarudia yote, aje Jumatatu."

Alisubiri aongeze neno. Fundi alimtazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akalimeza. Kwenye redio waimbaji wawili waliendelea kumbembeleza mtu aliyekwishazeeka.

"Sikutaka uache zako," alisema mwanamke. "Nilitaka uniachie nafasi ya wimbo mmoja. Thelathini na nane, na hakuna hata mmoja. Mimi nitakaa wapi humu, Fundi? Umejaa."

"Unachanganya mambo mawili."

"Nitenganishie."

Fundi aliinamia tena vipande vya meno. Mwanamke aliufunga mlango taratibu, jambo lililokuwa baya kuliko kuubamiza.

Siku ishirini na moja zilipita. Fundi alipiga simu mara saba katika nne za kwanza, hakupokelewa. Kisha akatuma ujumbe: "Nipo. Ukitaka kuongea, nipo." Baada ya hapo hakupiga tena.

Mwanamke alijikaza na kufanya kazi. Jumatatu ya pili, baada ya nyimbo sitini, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua orodha ya nyimbo alizozipa ndiyo mwaka ule, mia mbili na kumi na mbili, akajaribu kuimba kibwagizo cha kila moja kwa kusoma jina tu. Aliweza tisa. Akarudia, akidhani amechoka. Tisa. Kisha, bila kukusudia, akiwa jikoni anasubiri maji yachemke, alijikuta anaimba wimbo wa kwenye foleni. Aliuimba wote. Gitaa la pili aliliimba kwa pua, na liliingia dakika ya tano.

Alikaa kwenye kiti. Hakulia, aliziandika namba mbili pembeni ya orodha, tisa na moja, akazitazama kwa muda mrefu.

Siku ya ishirini na moja, Ijumaa, shangazi alipiga.

"Sasa," alisema shangazi. "Sasa, sasa, sasa. Umesikia filimbi?"

"Hapana. Hongera, Shangazi."

"Yamekaa kama niliyozaliwa nayo. Lakini sijakupigia kwa ajili ya meno. Yule fundi wako hana saa."

"Anayo. Iko ukutani."

"Haiangalii. Nimekwenda pale mara tatu, na sipendi kungoja nje, nimekaa humohumo na kumtazama. Kuna ule unga anaochanganya na maji yake yenye harufu kali. Unakuwa uji, kisha unanata, kisha unaacha kunata. Ukiacha kunata ndipo anaushindilia kwenye kalibu, kile chombo cha kuyapa meno umbo. Ukiwahi, unatoka na matundu. Ukichelewa, umeshakuwa mgumu, kalibu haifungi vizuri, na meno yanatoka juu. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Mikono yote miwili ina kazi, na macho yako kwenye kazi. Kilichobaki ni sikio. Kila akichanganya, anarudisha kanda mwanzo wa wimbo uleule. Wa tatu, upande wa kwanza. Mara tatu nimemwona, na mara zote tatu ameshindilia gitaa lilipobadilika. Nikamwuliza, yale ya kwanza yaliharibikaje? Akasema mkono ulichelewa. Nikamwuliza, siku ile ulikuwa unapiga wimbo gani? Akanyamaza. Nimefundisha miaka thelathini na nne. Mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani hanyamazi vile. Vile ananyamaza anayemficha mwenzake."

Mwanamke alikuwa akizungusha saa yake mkononi.

"Upo?"

"Nipo, Shangazi."

"Nenda ukahakikishe. Usiniamini mimi."

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa karakana, gauni la bluu lisilo na mikono, nywele amezifunga kwa nyuma, uso bila vipodozi. Fundi alisimama alipomwona. Alikuwa amekonda kidogo kwenye mashavu.

"Endelea na kazi," alisema. "Nimekuja kutazama."

Fundi alimtazama machoni, akaelewa, akashusha pumzi. Hakubisha. Alipima unga kwenye mizani, akarudisha kanda, akasikiliza, akairudisha tena kidogo. Wimbo ulianza. Alimimina maji yenye harufu kali na kukoroga. Mwanamke alibonyeza saa yake.

Mikono ya fundi ilipaka mafuta kalibu, ikapangusa kingo, ikapanga meno ya mtu mwingine moja moja. Hakuinua macho hata mara moja. Dakika ya nane na sekunde ishirini magitaa yaliacha kusemezana, yakaanza kukimbia. Mkono wake ulikwenda kwenye kikombe kabla hajaonekana kuuamuru. Donge lilitoka safi, bila kunata. Akalishindilia, akafunga kalibu, akakaza skrubu.

"Leo ni baridi," alisema. "Siku za joto unga unawahi, nafunga kwenye kibwagizo cha pili. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo. Alikuwa haoni vizuri."

"Na meno ya Shangazi uliyatengeneza kwa nyimbo zangu."

"Nilitaka ziwepo. Ni shangazi yako. Nilifikiri, kazi yake niifanye nikiwa na kitu chako." Alijikuna shavu kwa mgongo wa mkono. "Nyimbo zako ni fupi, mama. Dakika mbili, dakika mbili na nusu. Nilijaribu kuzihesabu. Kwenye ya tatu nikapotea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Zawadi yako imeharibu meno ya mama yako mlezi?"

"Ndiyo. Ungesema hivyohivyo."

"Ungelia."

"Ningeandika."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi cha puani. "Halafu nilikuambia. Nilisema, si hapa."

"Nilisikia 'hazinifai'."

"Ulinikata kabla hata dakika moja na nusu haijaisha."

Mwanamke aliisimamisha saa yake. Alivuta stuli akakaa, akamweleza habari ya nyimbo mia mbili na kumi na mbili, na zile tisa, na ule mmoja. Alieleza kwa mpangilio, kuanzia mwanzo, kama ripoti. Fundi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilikosea," alisema mwanamke. "Mtu hana haja ya kukua na muziki wake."

"Sijasema hivyo. Mimi nimekua." Alionyesha redio kwa kidevu. "Wimbo huu nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nasikia ngoma tu. Baadaye nikasikia gitaa la pili. Mwaka aliofariki mama ndio nikasikia maneno, nikashangaa, kumbe anayeimbwa hayupo. Mwaka jana nimegundua mwimbaji mmoja anachelewa kidogo kila mara, na mwenzake anamngoja. Wimbo haujabadilika. Mimi ndiye ninayefika mahali papya ndani yake. Lakini wewe pia una haki. Ningebaki na kanda hizi tu, kuna watu nisingewasikia kabisa."

"Watu gani?"

Aliifungua droo, akatoa simu yake. Flashi ilikuwa imechomekwa humo kwa waya mfupi wa kuunganishia. "Mwimbaji wa wimbo wa ishirini na mbili. Hapa kazini hanifai. Nyumbani namsikiliza nikiosha vyombo."

"Mara ngapi?"

"Wewe ndiye wa kuhesabu. Ila juzi nimegundua kitu. Yule dada anavuta pumzi kabla ya neno la mwisho la kila ubeti. Inasikika. Isipokuwa ubeti wa mwisho. Pale haivuti, neno linatoka tupu."

Mwanamke aliutazama ukuta. Wimbo wa ishirini na mbili aliukumbuka: sauti nyembamba, kinanda, ndiyo. Ubeti wa mwisho hakuukumbuka, na sababu aliijua papo hapo, na ilimchoma.

"Sijawahi kuufikia," alisema polepole. "Hakuna hata mmoja kati ya thelathini na nane niliowahi kuumaliza. Nilikupa nyimbo ambazo mimi mwenyewe sizijui zinaishaje."

Fundi hakumcheka. Alizima redio, akavuta stuli ya pili, akaiweka simu mezani kati ya taya mbili za plasta. Walisikiliza. Ulikuwa wimbo wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Dakika moja na nusu ilipopita, mwanamke aliingia asipopajua, akakaza masikio. Pumzi aliisikia kwenye ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa mwisho haikuwepo. Neno lilitoka tupu, kama alivyoambiwa, na kinanda hakikulifuata.

Mwanamke alipapasa mkono wa fundi, akaupata. Ulikuwa na unga kwenye kucha.

"Nina sifa moja tu ya kuoa," alisema fundi. "Najua kukaa na kitu kimoja miaka ishirini bila kukichoka. Nyingine sina."

"Unaosha vyombo."

"Hiyo ya pili, basi."

"Mimi sitaziacha Jumatatu zangu."

"Nani amekuomba uziache? Utaniletea wimbo mmoja kwa wiki. Mmoja tu. Na uwe umeufikisha mwisho."

"Nakubali."

"Umekubali wimbo, au umenikubali mimi?"

"Vyote. Na nikisema 'nakubali' usiniulize mara mbili, mpenzi, nitaanza kupima."

Alimvuta karibu, akamwachia alama mbili nyeupe mgongoni mwa gauni la bluu, ambazo mwenyewe hakuziona mpaka jioni.

Saa tano kasoro dakika tano alimpigia shangazi. Shangazi alipokea kwenye mlio wa pili.

"Nimehakikisha," alisema mwanamke. "Na kuna mtu anataka kuja kuzungumza na wewe."

"Kuhusu meno?"

"Hapana, Shangazi."

Sauti ya shangazi ilisikika, kavu, iliyonyooka, isiyo na filimbi yoyote.

"Jumapili, saa tisa. Mwambie sipendi kungoja."

Jumapili, saa tisa kasoro dakika nne, fundi alibisha hodi. Alikuwa amevaa shati la rangi ya maziwa na viatu vilivyong'aa. Shangazi alimfungulia mwenyewe, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akasogea pembeni ili apite.